Majibu Yaliyochelewa Njiani

Gari lilikuwa limeshaanza kutembea. Teksi nyeupe ya kukodi, godoro juu ya paa, fimbo ya ng'ombe imefungwa pamoja na godoro, na nyuma ya dereva amekaa Mzee Nsengiyumva na termosi mapajani, akiangalia milima ya Rurambo ikihama dirishani kidogo kidogo. Wanawake wa uani kwa Kizito walikuwa wanapunga vitambaa. Kuku walikimbia. Mtu mmoja akasema, "Basi, ameenda," kama mtu anavyosema mvua imekatika.

Hakuwa ameenda. Pikipiki ilitoka kwenye barabara ya Uvira, ikakata kona, ikasimama pua kwa pua na teksi pale kwenye lango la miti. Dereva wa teksi akatoa kichwa nje.

"Weye! Unataka kufa?"

"Kufa nimeshapangiwa," akajibu yule mzee aliyekuwa nyuma ya pikipiki, "lakini si leo, na si hapa Sange."

Alishuka kwa awamu. Mguu mmoja kwanza, halafu akaukumbuka wa pili, halafu akatafuta miwani yake mfukoni, na miwani iko kwenye paji la uso. Huyo ndiye Inspekta Lukumani wa polisi ya Uvira, mtoto wa wafanyabiashara wa pale pwani ya ziwa, kofia ya kufuma kichwani, amebakiza mwaka mmoja kazini. Msaidizi wake Chadia, msichana wa miaka ishirini na mitano, ndiye aliyeendesha pikipiki, na kabla Lukumani hajasimama sawasawa, Chadia alikuwa ameshaonyesha kadi, ameshazima teksi, na ufunguo wa teksi uko kiganjani mwake.

"Tunamtaka Mzee Nsengiyumva," akasema Chadia.

"Kwa nini? Ameiba?" akauliza mwanamke aliyekaa mbele. Alikuwa Pétronille, binti wa mzee, mama wa makamo aliyejaa kitenge cha kijani mpaka mlangoni.

"Hapana, mama. Ameibiwa. Ndivyo alivyoandikisha."

Pétronille alifunga macho. "Hata nyinyi mumeamini?"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi, siku mbili zilizopita, ukoo wa Nsengiyumva ulileta mahari hapa kwa Kizito, mkulima wa mpunga, kwa ajili ya Achille, mjukuu wa mzee, anayemuoa Florentine binti Kizito. Mahari yenyewe ilikuwa ng'ombe jike mwenye mimba, jina lake Bihogo, mwekundu kama udongo wa tofali, mzee amemlea mwenyewe kule juu. Na kama desturi ilivyo, mwenye ng'ombe husimama mbele ya wakwe akamsifu mnyama wake, alama kwa alama, ndipo fimbo ikabidhiwe. Mzee Nsengiyumva alisimama. Alianza vizuri. Katikati akakwama. Akaanza tena, akakwama tena. Watu wakaanza kukohoa. Mwishowe akasema, mbele ya koo mbili na pasta, "Huyu si Bihogo."

Walicheka kwanza, halafu wakaona haya. Mzee akatoka, akatembea mwenyewe mpaka kwa polisi wa Sange, akaandikisha. Na Jumapili ukoo ukakaa ukakata shauri: kichwa cha mzee kimechoka. Atakaa Uvira kwa Pétronille. Ng'ombe wake wagawiwe watoto. Na mchungaji akishateremshwa mlimani kwa sababu ya kichwa, hakuna anayempandisha tena.

Pale Uvira komanda alisoma dosie ya malalamiko iliyotoka Sange akacheka mpaka akashika meza. "Dosie ya mzee apewe mzee," akasema. Maana wiki iliyotangulia walikuja watu wa mafunzo kutoka Bukavu na mashine yao: nyota ikitokea kwenye kioo, ubonyeze. Chadia aliwashinda wote. Lukumani alibonyeza nyota zilipokuwa zimeshaondoka, na mara moja aliiomba mashine radhi.

"Mama Pétronille," akasema Lukumani sasa, "minye naomba muda kidogo tu. Wali ukiiva, kama sijapata kitu, nitamfungia mzee mlango wa gari mwenyewe kwa mkono wangu."

"Wali tayari uko motoni," akadakia Kizito kutoka uani. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyefurahi kupata wageni wa ziada. "Ingieni, ingieni! Sherehe ya kwangu haiishi, hata polisi wamekuja."

*

Ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma ya ghala la mpunga, anatafuna. Mwekundu, mnene, pembe ndefu. Lukumani alimzunguka akiwa na mikono mgongoni.

"Baba Kizito, weye unamuonaje?"

"Minye ni mtu wa mpunga, Inspekta. Ng'ombe nikishaona iko na miguu ine, narudi kwa mchele wangu."

Lukumani aliinama kwenye kamba. Ilikuwa ya nailoni, bluu, mpya. Uso ukamng'aa. "Chadia! Mchungaji wa Rurambo hafungi kwa nailoni. Anasuka ya kwake. Kamba hii ni ya sokoni. Muuza ng'ombe wa soko la Sange, huyo ndiye..."

"Kamba ni yangu," akasema Kizito. "Ile waliyokuja nayo aliitafuna."

Chadia alitazama pembeni ili asicheke. Lukumani alijinyoosha taratibu. "Vizuri," akasema. "Hiyo tumeitoa."

Walimkalisha mzee kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko. Termosi hakuiachia. Karibu yake akasimama Sévère, mpwa wake, mshenga wa ndoa hii, mwanaume wa miaka arobaini mwenye shati lililopigwa pasi vikali. Watu wakajikusanya. Redio ya jirani ilikuwa inaimba, lori la mihogo linanguruma barabarani, na mashangazi wawili wanagombana juu ya chumvi.

Chadia ndiye aliyeanza, kwa sababu Lukumani alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka kofia.

"Mzee, shikamoo. Ng'ombe uliyemtoa kule juu alikuwa na alama gani?"

Mzee alimwangalia. Midomo ikatikisika kidogo, hakuna kilichotoka.

"Nani alimshusha mpaka hapa?"

Kimya.

"Hii termosi umepewa na nani?"

Mzee akafungua mdomo. "Mkia wake umechovya maziwa," akasema.

Chadia akaiangalia termosi. "Mkia? Umo humu ndani?"

Mashangazi wakaangua kicheko. Pétronille hakucheka. Chadia akajaribu kwa upole zaidi. "Mzee wangu, umekula kitu asubuhi?"

"Ciza," akasema mzee. "Mpaka kwenye kijito."

"Amekula Ciza!" akapiga kelele shangazi mmoja, na uani kote watu wakashikana mabega. Ciza alikuwa mchungaji wa mzee, mtu mzima, mrefu, hakuna ambaye angeweza kummaliza kwa mlo mmoja.

"Unajua leo ni siku gani?" akauliza Chadia, na sauti yake sasa ilikuwa imeanza kukata tamaa.

"Halafu Sévère peke yake," akasema mzee. Akanyamaza. "Na hii pia, Sévère. Leo hii."

"Munaona?" akasema Sévère, akitikisa kichwa kwa huruma. "Munaona sasa? Ndiyo hali. Tumuache mzee apumzike, jamani. Gari linangoja."

Pétronille alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Inspekta, minye simchukii papa yangu. Kule juu akianguka, nani atamuokota? Ukimuuliza kitu leo anakujibu kitu cha jana."

Lukumani, aliyekuwa amesimama tu na kofia mkononi, aligeuka polepole. "Umesemaje, mama?"

"Ukimuuliza kitu..."

"Anakujibu kitu cha jana. Ngoja. Ngoja kwanza." Aliinua mkono. "Zimeni redio. Nyinyi wa chumvi, samahani, iwekeni chini. Chadia, usiulize tena. Hakuna muntu kuuliza."

Redio ikazimwa. Lori likapita. Uani pakawa na sauti ya sufuria tu. Watu walitazamana. Kijana mmoja akatoa telefone. Sévère akajikuna shingo. Mzee Nsengiyumva alikaa na macho yake kwenye moshi wa jiko, na baada ya muda ambao kila mtu aliuona mrefu isipokuwa Lukumani na yeye mwenyewe, akasema, "Nimekula. Bugali na ndagala. Chumvi ilikuwa nyingi."

Shangazi mmoja akamwangalia mwenziwe.

"Na leo ni Jumatatu," akasema mzee. "Mbona munaniuliza kama mtoto?"

Lukumani akavaa kofia yake. Alikuwa anatabasamu hadi meno ya nyuma.

"Chadia, binti yangu. Uliuliza alama gani. Akajibu nini?"

Chadia alikuwa ameshaipata. Macho yalimpanuka. "Mkia umechovya maziwa. Yaani ncha nyeupe! Nikauliza nani alimshusha: Ciza mpaka kijitoni, halafu Sévère peke yake. Nikauliza termosi: Sévère, leo hii. Papa Lukumani! Amejibu yote!"

"Yote. Kwa foleni. Majibu hayakupotea, yalichelewa njiani, kama mizigo ya Kamanyola kwenye mpaka. Sisi tulikuwa tunatuma mzigo mwingine kabla wa kwanza haujapita." Akahakikisha Pétronille anasikia. "Kwani watu wa mashine walisema nini, Chadia?"

"Walisema kasi inapungua kwa kila mtu. Tena inaanza mapema. Hata minye nimeshaanza kushuka."

"Pole sana," akasema Lukumani.

"Na wakasema kelele zikiwa nyingi, mzee anapata shida kushika moja na kuziacha nyingine. Lakini aliyoyaweka ndani zamani, hayo yako."

"Basi, hata minye niko hivyo hivyo. Weye unafika kabla ya swali. Minye nafika baada ya watu kunawa mikono. Ila nafika."

*

"Haya," akasema Sévère, "anajua Jumatatu. Lakini Jumamosi alikwama. Tuliona wote. Kijana yule iko na video."

"Lete video," akasema Lukumani.

Chadia aliichukua ile telefone, na Lukumani akaivuta karibu na pua. Mzee amesimama, koti jeusi, fimbo mkononi. Kwa heshima ya wakwe wa bondeni alikuwa ameyatunga maneno yake kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza, ya nyanya wa ng'ombe na mama wa ng'ombe, ilitoka kama maji ya mtoni. Hapo alikuwa anaangalia watu. Halafu akamgeukia ng'ombe, na hapo ndipo ulimi ulipofunga.

"Rudisha," akasema Lukumani. Chadia akarudisha. "Tena."

Aliirudisha mpaka Kizito akaleta viti.

"Anakwama akiangalia ng'ombe," akasema Chadia.

"Na akiangalia watu?"

"Hakwami."

Lukumani akainuka. "Mzee Nsengiyumva, ninakuomba kitu kimoja, na nitangoja. Tugeuzie mgongo huyo ng'ombe. Tazama milima. Tusifie Bihogo."

Walisubiri. Safari hii hakuna aliyekohoa. Achille, bwana harusi, fundi wa pikipiki wa Uvira, alikuwa ametoka ndani na Florentine, wakasimama wameshikana mikono nyuma ya watu. Mzee akaegemea fimbo aliyofunguliwa kutoka kwenye paa la teksi. Sauti ilitoka ndogo, halafu ikakua:

"Bihogo wangu, moto wa jioni uliopata miguu!
Pembe ya kushoto inamnong'oneza ndugu yake siri,
ya kulia imegoma kusikia.
Mkia umechovya maziwa kabla hajakamuliwa.
Anapopita, nyasi zinauliza: lini utarudi?
Tumbo limebeba mgeni, mtengenezeeni kiti!"

Hakukwama hata mahali pamoja. Kizito alipiga makofi kabla hajakumbuka kwamba ni upelelezi. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Sasa mgeukie ng'ombe," akasema Lukumani.

Mzee akageuka. "Bihogo wangu, moto wa jioni... Pembe ya kushoto..." Akaangalia pembe ya kushoto. Ilisimama wima kama mwenzake, haimnong'onezi mtu chochote. "Pembe ya... Mkia um..." Mkia ulikuwa mwekundu mpaka ncha, unafukuza nzi. Mzee akashusha fimbo.

"Angekuwa amesahau," akasema Lukumani, "angekwama pote. Hakusahau. Kinywa kinataka kusema kimoja, jicho linamletea kingine, na yeye si mwongo. Kijana angefunga jicho akaendelea tu."

"Minye ningeendelea," Achille akakiri. "Sikumtazama hata."

"Hakuna aliyemtazama. Mulimvisha maua mpaka puani. Muko na foto yake? Kabla hajashuka mlimani?"

Ikawa vurugu. Kila mtu ana foto. Foto zote ni za watu: Achille na miwani ya jua, binamu na miwani ya jua ya Achille, mashangazi wamejipanga. Ng'ombe yuko nyuma, amezibwa. Lukumani alikuwa bado anatafuta namna ya kufungua foto ya kwanza wakati Chadia alikuwa ameshapita zote katika telefone tatu, kidole kikienda kama cherehani.

"Hapa!" akasema. "Kule Rurambo, Ijumaa, wanaondoka. Binamu anajipiga foto. Nyuma ya sikio lake."

"Minye naona sikio," akasema Lukumani.

Chadia akaikuza. Nyuma ya sikio la binamu ulikuwa umening'inia mkia mwekundu wenye ncha nyeupe pee, kama brashi iliyotoka kwenye rangi.

Lukumani alikaa chini. "Haraka haina baraka, wanasema. Hao hawakukuona weye. Minye hiyo ningeikuta Krismasi."

Sasa uani hapakuwa na kicheko. Kizito alimwangalia ng'ombe wake kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akamwangalia kweli. Pétronille alikuwa ameketi chini kando ya kiti cha baba yake, mkono wake juu ya goti la mzee.

"Ni Ciza," akasema Sévère. "Nani mwingine? Ndiye mchungaji. Ndiye anayemjua ng'ombe. Kamateni Ciza."

"Tumpigie," akasema Chadia, na alikuwa ameshapiga. Sauti ya Ciza ilitoka kwenye telefone pamoja na upepo na kengele za ng'ombe.

"Alo? Minye? Minye niliwaacha kijitoni, Ijumaa jioni. Sévère alisema nirudi kwa wengine. Nilimwambia aende polepole na yule. Alikuwa anainua mkia, anainua mkia, analala anaamka. Mzee hajambo?"

"Mzee hajambo," akasema Chadia, akakata. Akamtazama Lukumani. "Papa, ng'ombe mwenye mimba, anainua mkia, analala anaamka..."

Lukumani aligeuza kichwa. Alikuwa anaiangalia termosi.

*

"Mzee," akasema, na akapiga magoti mbele ya kile kiti, magoti yakalia. "Tafadhali, onja hicho ulichopewa. Halafu utuambie ni maziwa gani. Wengine wote, tunanyamaza."

Mzee alifungua kifuniko. Akamimina. Yalitoka mazito, na rangi yake ilielekea manjano. Akanywa funda moja, akalishika mdomoni.

Hapo kazi ya Lukumani ikawa kungoja, na alikuwa anaijua. Chadia alianza kupiga kidole pajani, Lukumani akamgusa kiwiko, akaacha. Wali ukaanza kunukia. Mzee anafikiri. Kimya kikaenda, kikaenda, na Sévère akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Akafungua kifungo cha shati.

"Ni maziwa ya kawaida tu," akasema Sévère.

Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemjibu. Mzee bado.

"Ya dukani. Yaani, ya jirani. Mke wangu ndiye aliyenunua. Au alipewa. Kwani maziwa nayo ni kesi?"

Kimya. Kuku alipita.

"Mzee ni mjomba wangu! Nimpe maziwa, nikosee? Nilimletea kwa heshima. Lazima aonje wa kwanza, la sivyo chuchu zinakauka, na ndama..."

Akaacha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, linatembea uani lenyewe, kila mtu analiona.

"Ndama," akasema Chadia.

Na hapo Mzee Nsengiyumva akameza. "Ni dang'a," akasema kwa sauti ya mtu asiye na ugomvi. "Maziwa ya siku za kwanza. Yamechanganywa na mengine ili nisijue. Ng'ombe amezaa, hazijapita siku nne." Akampa Sévère termosi. "Na ni matamu, kama ya mama yake Bihogo."

Kwa wafugaji wa kule juu, maziwa hayo ya kwanza hayauzwi. Wanaonja wa nyumbani, na wa kwanza kabisa ni mkubwa wa ukoo, mwenye ng'ombe. Akirukwa, wanasema, ndama hasimami vizuri na chuchu zinafunga. Sévère alikuwa tayari kumdanganya mjomba, mkwe, pasta na polisi. Kuiruka desturi hiyo hakuthubutu. Alitaka kumla ndama na mila pamoja, vikamkaba.

"Semea hapo hapo," akasema Lukumani, "usikimbilie popote, gari halina ufunguo."

Sévère akaketi juu ya ndoo. Maneno yakamtoka kwa mkupuo. Bihogo alishikwa na uchungu Ijumaa jioni, chini ya mlima, karibu na nyumba ya Sévère mwenyewe. Usiku akazaa. Asubuhi hakuweza kutembea, na huku watu wanangoja, pasta amefika, wali umepikwa. Yeye alikuwa na ng'ombe wake mwekundu, tasa, mnene wa bure. Akamvisha maua. Alikusudia kumrudisha Bihogo wiki ijayo, kimyakimya.

"Na ndama?" akauliza Chadia.

Sévère akaangalia viatu vyake. "Ni jike," akasema. "Mzuri sana. Nikasema, huyu hakuna anayejua kama yuko."

"Na mjomba wako wakimwita kichaa?"

"Nilifikiri kule Uvira atapumzika," akasema Sévère, na hata yeye alisikia namna ilivyosikika.

Mzee Nsengiyumva alikuwa ameshasimama. Hakungoja mtu. Kwa mara ya kwanza siku ile yeye ndiye aliyetangulia, na wengine wakakimbilia viatu.

*

Nyumba ya Sévère ilikuwa mwisho wa mashamba ya mpunga, mlima unapoanza. Walikwenda wote: teksi imejaa mpaka milango haifungi, pikipiki mbele, mashangazi kwa miguu na mwiko mkononi. Nyuma ya ua wa matete alisimama Bihogo, pembe ya kushoto imemwinamia ndugu yake, na chini ya tumbo lake ndama mwekundu, miguu yake bado inabishana nani aanze.

Mzee alisimama mbali kidogo. Bihogo aliinua kichwa, akatoa sauti ya chini. Walingoja. Walikuwa wameshajifunza. Hata yule kijana mwenye telefone aliiweka mfukoni.

"Munaona?" akasema mzee hatimaye, akamgeukia Kizito. "Mkwe wangu, huyu ndiye. Samahani, amechelewa."

Kizito alicheka mpaka machozi, akamkumbatia pamoja na fimbo. Florentine alipiga kigelegele cha kwanza, na mashangazi waliofika wanahema wakamalizia. Mzee akaanza sifa zake upya, mbele ya ng'ombe mwenyewe, na maneno yakatoka, pembe kwa pembe, mpaka kwenye mgeni aliyetengenezewa kiti, na hapo akaongeza mistari ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, kwa maana ndama ndiyo kwanza amemwona. Pétronille alizisubiri mpaka mwisho. Halafu akaenda kwenye teksi, akapanda kwenye kizingiti cha mlango na kitenge chake chote, akaanza kufungua kamba ya godoro.

Wali uliliwa umepoa.

Sévère alilala kasho, mahabusu ya polisi, siku mbili, halafu ukoo ukamuomba atoke, wakamtoza yule ng'ombe tasa. Aliliwa siku ya harusi. Nyama ilikuwa ngumu. Bihogo na ndama wake walikabidhiwa kwa Kizito, ambaye sasa anajua kwamba ng'ombe ana zaidi ya miguu minne, na anamweleza kila mgeni. Achille na Florentine wanaishi Uvira, wana mtoto mmoja. Ciza yuko kule kule. Chadia alihamishiwa Kamanyola na cheo, bado anamaliza maswali ya wenzake, amepunguza. Komanda alijaribu ile mashine ya nyota alipokuwa peke yake, kisha akaifungia kabatini. Lukumani alistaafu mwaka uliofuata, ana duka la vitenge na mdogo wake, na miwani anaitafuta. Mzee Nsengiyumva alirudi Rurambo siku ile ile kabla ya jua kuzama, na anachunga. Pétronille humpigia kila Jumapili. Anauliza, anaweka telefone mezani, anamenya mihogo, na jibu likifika anafuta mikono, anaiokota telefone.